Kifo cha uvunguni kina mwenyewe

Gari likimlalia fundi, habari yake huja gazetini kwa mistari michache: jeki iliteleza, kijana alifariki papo hapo, mwili umehifadhiwa hospitali, uchunguzi unaendelea. Msibani wanasema ajali haina kinga. Watu wanachanga, wanasafirisha maiti, wanarudi mjini. Arobaini haijafika, gereji ile inapiga kazi kama kawaida, jeki ni ileile, na uvunguni yumo kijana mwingine.

Gazeti hili limechoka kuandika habari hiyo. Tunasema wazi kwamba ajali ya jeki ina kinga, kwamba kinga yenyewe inajulikana na haimshindi bei mtu yeyote mwenye gereji, na kwamba asiyeiweka anafahamika kwa jina na kwa sura.

Jeki ya mafuta kazi yake ni kunyanyua. Kushikilia gari wakati mtu yuko chini haikutengenezewa. Mle ndani uzito wote umekalia oili iliyobanwa, na kinachoizuia oili hiyo isipenye ni sili ya mpira ambayo huchakaa pasipo mtu kuiona. Siku sili inapoachia, jeki haitoi onyo lolote, gari linashuka. Na mara nyingine sili haina kosa kabisa. Fundi aliye chini amekutana na nati iliyoshika kutu. Anachomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu, anakanyaga tairi kwa mguu mmoja, anavuta kwa mwili mzima. Pamoja na nati anavuta gari lote, nalo limesimama juu ya kichwa cha chuma kisichozidi upana wa kiganja. Kazi yenyewe ndiyo inayolisukuma gari litoke kwenye jeki. Ndiyo maana fundi makini na fundi mzembe, wakilala chini ya jeki tupu, wako kwenye hatari moja, na kumsema marehemu kwamba hakuwa mwangalifu ni kumdhulumu mara ya pili.

Kwa Dar es Salaam ongeza mchanga. Gereji nyingi za mitaani ziko juu ya ardhi tupu, chini ya mwembe au pembeni mwa barabara ya vumbi. Jeki ikikaa juu ya mchanga, kitako chake hudidimia upande mmoja, taratibu, wakati mtu yuko chini anafungua. Masika yakiingia hali inakuwa mbaya zaidi, maana ardhi iliyoonekana ngumu asubuhi huwa tope mchana. Hata stendi nzuri ya chuma, ile ya kushikilia gari baada ya jeki kulinyanyua, huzama ikiwa miguu yake ni myembamba. Sakafu ya zege ndiyo kifaa cha kwanza cha usalama gereji, kabla ya glavu, kabla ya helmeti, kabla ya bango lolote la ukutani. Ukimuuliza mwenye gereji kwa nini hajamwaga zege, atakwambia kiwanja si chake, amepanga kwa mwezi, na manispaa inaweza kuja na greda siku yoyote. Hoja hiyo ina uzito na tutairudia. Lakini haimzuii kununua bamba la chuma au ubao mnene wa mti mgumu wa kuweka chini ya jeki. Haimzuii kupanga magogo, mawili yakilala hivi na mawili yakilala vile, mpaka yaikute chasisi na kuishika. Kinachotumika badala yake ni tofali la saruji, na tofali lenye uwazi katikati, likibebeshwa uzito wa gari, hupasuka kwa ghafla.

Twende karibu zaidi. Fuso imeua klachi njiani, mzigo wa vitunguu umeshushwa pembeni na kufunikwa turubai, na mwenye gari anapiga simu kila baada ya muda kwa sababu mnunuzi anasubiri sokoni. Mbele imenyanyuliwa. Tairi la nyuma limewekewa jiwe. Vijana wawili wamelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, mmoja amevaa kandambili. Taa yao ni simu, na simu imeng'atwa kwa meno kwa sababu mikono yote minne ina kazi. Boliti ya mwisho ikitoka, giaboksi lazima ipokewe, na jeki ya kuipokelea haipo, kwa hiyo inapokewa kwa vifua. Inashuka kwa kishindo kidogo, mmoja anaguna, wanaiviringisha pembeni na kuendelea. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeupanga utaratibu huo. Haraka wamepewa na mwenye gari, vifaa wamevikuta vya mwenye gereji. Wao walicholeta ni mikono.

Sheria haina utata juu ya nani anabeba wajibu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri asajili sehemu ya kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, atoe vifaa vya kinga na ahakikishe wafanyakazi wake wanapimwa afya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilileta mfuko, WCF, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia na mfanyakazi hakatwi hata senti, ili siku ya ajali matibabu na matunzo ya familia visitegemee michango ya msibani. Juni 2022, Mkutano Mkuu wa Kazi wa Kimataifa uliofanyika Geneva uliingiza mazingira salama ya kazi katika haki za msingi za mfanyakazi, na Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kazi Duniani lenye mkutano huo. Na juu ya yote ipo Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Katika kueleza kosa la kuua bila kukusudia, kanuni hiyo inahesabu pia kutotenda: mtu mwenye wajibu wa kulinda uhai au afya ya mwenzake, akiupuuza kwa uzembe wa kiwango cha jinai na mwenzake akafa, ana kesi ya kujibu.

Hukumu yetu kwa hiyo ni hii. Kijana akifia chini ya gari lililokaa juu ya jeki tupu, wa kwanza kujibu ni mwenye gereji. Hatusemi alikusudia, na sheria haidai kwamba awe amekusudia. Aliona jeki, aliona mchanga, aliona kijana anaingia, akaendelea kuzungumza na mteja.

Tunajua utetezi utakaokuja. "Hawa si wafanyakazi wangu, kila fundi hapa anajitafutia, mimi nina eneo tu." Ndivyo gereji bubu zinavyoendeshwa: mmoja ana eneo na kompresa, mwingine ni fundi umeme, mwingine wa injini, mwingine wa kunyoosha bodi, na jioni kila mmoja anaacha chochote kwa mwenye eneo. Utetezi huo tunaukataa. Anayepokea fedha ya eneo kila jioni ndiye mwenye uwezo wa kusema asubuhi kwamba hapa haliingiwi gari lisilo na stendi. Kama ana nguvu ya kumfukuza fundi asiyelipa, anayo pia ya kumzuia fundi asife.

Kuna wanaostahili kutajwa peke yao, nao ni watoto. Kila mtaa wenye gereji una kijana wa miaka 14 au 15 aliyeletwa na mjomba "ajifunze ufundi". Hana mkataba, hana mshahara, anapewa hela ya kula. Ndiye anayetumwa spana namba 17, ndiye anayekusanya oili chafu, na kwa kuwa ni mwembamba, ndiye anayetumwa kupenya pale ambapo fundi mwenye tumbo hapenyi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mahali ambapo mazingira ya kazi ni ya hatari, na imetaja kwa makusudi hata sehemu zisizo rasmi. Kujifunza kazi ni jambo jema, na mafundi wengi hodari wa nchi hii walifundishwa chini ya mwembe. Mtoto anaweza kufundishwa kufungua kabureta mezani, kusoma waya, kutambua mlio wa injini. Uvunguni asiingizwe.

Jeki huua mara moja na watu wakaona. Kinachoua taratibu hakiandikwi popote. Mtazame fundi anavyomaliza siku: anamimina petroli kwenye kikopo, ananawa mpaka viwiko, kisha sabuni ya unga, kisha anakwenda kwa mama lishe. Petroli ina benzini, na benzini ni miongoni mwa vitu ambavyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka daraja la kwanza, yaani vinavyothibitika kumpa binadamu saratani, hasa ya damu. Mafuta hayo huyeyusha grisi na kuondoka pia na utando wa asili wa ngozi, ndiyo maana viganja vya mafundi vimepasuka na nyufa zake zimejaa weusi usiotoka. Kwenye nyufa hizo huingia oili iliyoungua ndani ya injini, ambayo ni mbaya kuliko oili mpya kwa mbali. Ovaroli yake inafuliwa nyumbani na mke, katika beseni lilelile la nguo za mtoto.

Wapo wanaonyonya petroli kwa mpira, wakavuta kwa mdomo hadi ije. Tone moja likikosea njia na kuingia mapafuni huleta uvimbe wa mapafu unaoweza kumlaza mtu hospitali, pengine asitoke. Pampu ndogo ya mkono inamaliza jambo hilo. Moshi wa dizeli nao umewekwa daraja hilohilo la kwanza tangu Juni 2012, lakini injini inawashwa ndani ya banda la mabati na kuachwa ikinguruma huku watu wamezunguka boneti.

Vumbi la breki tunalitilia mkazo kwa sababu mafundi wengi hawalijui. Kwa miongo mingi breki zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kutambua ipi inayo na ipi haina, hasa zile za bei rahisi zisizo na maelezo kwenye boksi. Fundi anavua rimu, anachukua bomba la kompresa, anapuliza. Wingu linamfunika yeye, msaidizi wake na mteja aliyeketi kwenye kigoda. Ugonjwa wa asbesto huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kabla ya kujitokeza, na ukijitokeza hakuna atakayekumbuka breki ya gari lile. Dawa yake ni kitambaa kilicholowa na ndoo ya maji. Breki zisipulizwe, popote, na yeyote.

Wapiga rangi nao hufunga kitambaa puani wakidhani wamejikinga. Rangi za kisasa za magari, zile zinazochanganywa na dawa ya kukazia, zina isosayaneti. Mvuke wake unapita kwenye kitambaa na kwenye barakoa ya vumbi bila kizuizi, na mtu aliyeshaathirika huweza kubanwa na pumu kwa kiasi kidogo mno, mpaka akalazimika kuiacha kazi. Kinga yake ni barakoa yenye vichujio vya kemikali, au ile ya kuletewa hewa safi kwa bomba, na kibanda kinachotoa hewa nje. Hivi vina gharama kweli. Asiyeweza kuvigharimia asipige rangi hizo.

Moto tunautaja kwa ufupi kwa sababu kila mtu anadai kuujua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse joto la Temeke. Tangi lililomwagwa mafuta ni hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake mvuke umechanganyika na hewa. Bado yupo mchomeleaji anayegonga tangi kwa kidole, akasikia ni tupu, akawasha moto. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Nchi nzima ililia. Baada ya msiba kama ule, gereji isiyo na mtungi wa kuzimia moto, wala hata ndoo ya mchanga, haina la kusema.

Tairi la lori pia. Linajazwa upepo unaozidi paundi 100 kwa kila inchi ya mraba, na lile lenye rimu ya ringi, ringi ikiwa haikukaa sawasawa, hufyatuka na kukata shingo ya aliyeinama. Anayejaza asimame pembeni kwa bomba refu, na tairi liwe ndani ya kizimba cha vyuma, kizimba ambacho mchomeleaji yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mabomba. Tumeona majiko ya mkaa na mageti ya maua yakitengenezwa hatua chache kutoka kwa fundi tairi asiye na kizimba.

Sasa tuje kwa wanaokaa ofisini. Halmashauri zinatoza. Ushuru unakusanywa, leseni inatolewa, na hakuna anayeinama kutazama gari limesimama juu ya nini. Kisha, viongozi wakikasirishwa na uchafu wa gereji barabarani, zinahamishwa. Mafundi wanapelekwa pembezoni, kwenye kiwanja kisicho na maji, umeme wala sakafu, na baada ya miaka michache mji unawafikia tena na greda inarudi. Hapa ndipo hoja ya mwenye gereji ina haki. Hakuna atakayemwaga zege juu ya ardhi ambayo hajui kama atakuwa nayo mwakani. Halmashauri inayotaka gereji salama itenge maeneo, iyapime, iwape mafundi mikataba ya miaka ya kutosha, imwage sakafu na kuweka maji na shimo la kukusanyia oili chafu. Masoko yamejengewa mabanda. Stendi za mabasi zimejengwa kwa mabilioni. Mafundi wanaoyaweka mabasi hayo barabarani wameachiwa mchanga.

Na wenye magari wasijitoe. Mwenye gari moja dogo tunamwomba afanye jambo moja: aangalie kabla fundi hajaingia chini, na kama hakuna stendi aseme gari lake halitengenezwi hivyo. Lakini mwenye malori 20, kampuni ya bima inayochagua gereji ya kupeleka magari yaliyogongwa, na taasisi ya umma inayotoa zabuni ya matengenezo, hao hatuwaombi. Hao ndio wanaoamua gereji ipi ife njaa na ipi ikue. Wanapochagua kwa bei ya chini peke yake, wananunua kwa punguzo lililotolewa kwenye mbavu za vijana. Cheti cha usajili wa OSHA na uthibitisho wa michango ya WCF viwe sharti la kwanza kwenye kila mkataba, na TEMESA, wenye dhamana ya kutengeneza magari ya Serikali, waoneshe mfano kwenye karakana zao kabla ya kudai kwa wengine.

Tunayodai hayahitaji sheria mpya. Leseni ya gereji isihuishwe mpaka ofisa wa manispaa aone kwa macho yake stendi au magogo, kabari za magurudumu, mtungi wa kuzimia moto na sehemu ya kunawa yenye maji na sabuni. Gereji ikikutwa na mtu uvunguni juu ya jeki tupu, ifungwe saa hiyohiyo, na isifunguliwe kwa faini. Ifunguliwe kwa vifaa. Fundi akifa, polisi wamhoji mwenye eneo kama mtuhumiwa, wachukue jeki kama kielelezo, wapime ardhi iliyokuwa chini yake, na jalada lifike kwa mwendesha mashtaka hata kama familia imekwishapokea rambirambi.

Ukaguzi uanzie kwenye gereji za malori na matipa, ambako uzito ni mkubwa na wenye fedha wanafahamika. Wakaguzi waende bila kutoa taarifa, na waende saa za mchana kazi ikiwa imepamba moto.